Vita vya Pazia Nyumbani kwa Sylus

Tulieni, enyi watu wa Voi, ninyi mnaongoja treni na ninyi mnaongoja maji ya mfereji, niwasimulie vita ambavyo Tsavo na simba wake haijapata kuviona: vita vya Sylus wa Mwandawiro, Mshika Mkebe, Ngao ya Majani, alivyopigana na pazia sebuleni mwake.

Marehemu baba yake alipanda mmea mtambaazi barazani kule milimani, ukapanda nguzo hadi darini. Mwaka huu mizizi ikaoza. Mama yake, Bi Wakesho, aliokoa kipande kimoja tu, akamkabidhi Sylus.

"Hiki ndicho kilichobaki cha baba yako," alisema. "Krismasi nitakuja kukiona."

Shujaa, kwa mapenzi yasiyo na akili, akakipanda mkebeni na kukiweka uani mbele ya jua la Voi, jua lisilojua ukungu wa milimani. Kufikia jioni majani mawili yalikuwa yameungua kama chapati iliyosahaulika. Akarudisha nyuma majeshi yake, yaani yeye na mkebe, hadi pembe ya sebule. Huko nako kulikuwa giza la kaburi, kwa maana mkewe Nabwile, Malkia wa Vitambaa, hakuwa amefungua pazia tangu sofa iingie nyumbani. Mmea ukatoa shina refu, jembamba, lisilo na jani, likipapasa ukutani. Sylus aliogopa kwelikweli.

Akasimama mbele ya mkewe, akanena: "Mama Wendy, mmea huu hautaki jua kali, wala giza hautaki. Nipe dirisha, nami nitakupa utii wangu maisha yote."

"Utii ulinipa kanisani, Baba Wendy," akajibu Malkia. "Sofa ikipauka, wageni watakalia utii?"

"Ni baba, Nabwile," akasema.

Malkia, kwa mkono wake mwenyewe, akavuta pazia zito kando, akaliacha lile jepesi la ndani, na mwanga ukaingia umepungua makali.

Krismasi ilikuta jani jipya limekunjuka, dogo kuliko sikio la mbuzi. Bi Wakesho alilishika kwa vidole viwili, akalia kidogo, akaomba chai. Sofa nayo ilikuwa imepauka upande mmoja, na kitambaa kimoja kimetumwa kuficha aibu.

Basi na iandikwe kwamba siku hiyo jani moja lilishinda sofa ya viti saba. Na jirani yao Opiyo aliponyoosha mkono afunge pazia ili aone mpira vizuri kwenye televisheni, ni Malkia aliyemzuia.

"Acha hilo pazia," alisema. "Mzee yuko dirishani."