Cheti cha Upatanifu

Kwa heshima na taadhima, umma wa Wamunyu unaarifiwa kwamba Kamati ya Upatanifu wa Vifaa Visivyo na Waya ilitekeleza wajibu wake kwa asilimia mia moja na nne. Mimi Urbanus Kisilu ndiye katibu, na muhuri ni wangu. Wanaosema tulishindwa ni wale wale ambao hawakualikwa kwenye chai.

Hebu nieleze. Mwaka wa 2006 parokia yetu ilipata internet ya dishi. Padri, mtu asiye na makuu, akatangaza kanisani kwamba majirani wanaweza kuitumia pamoja naye, bora tu wanunue vifaa vya kurusha mawimbi. Wanunue tu! Kitu cha umma hakinunuliwi tu jamani, kinaundiwa kamati. Tukaunda ya watu watano, na Mzee Justus Maundu akawa mwenyekiti kwa sababu ana koti na tai.

Siku ya pili akaja Mutheu, mama mwenye karakana ya vinyago ng'ambo ya barabara.

"Katibu, kuna mteja Ujerumani anataka twiga mia tatu. Anataka picha kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo ananunua kwingine. Niko na wachongaji wanane, na tangu Januari hatujauza kitu. Hiyo internet itatufikia lini?"

"Ombi lako limepokelewa," nikamwambia, nikalipiga muhuri.

"Nimeona limepokelewa. Nimeuliza lini."

"Baada ya upatanifu."

"Upatanifu ni nini?"

Swali zuri sana. Kamati ilikuwa bado inalichunguza.

Tuliazimia kwamba, ili pasiwe na manung'uniko, kila mwanakamati alete kifaa kimoja kutoka upande wake. Tukinunua vyote duka moja, watu watasema ukoo fulani umekula. Kwa hivyo kimoja kilitoka kwa shemeji ya mwenyekiti kule Mlolongo, kingine kwa binamu yangu wa Mwala, na vile vingine sikuuliza, kwa adabu. Vilikuwa vitano vya kampuni tano, na kimoja kilitumia masafa ambayo wenzake hawakuwa nayo kabisa. Fundi tuliyemwita alipovitazama akasema havitasikizana ng'o. Mwenyekiti alimkemea vikali.

"Hata bibi na bwana siku ya kwanza huoneana haya! Vipe nafasi."

Tukaviweka juu ya meza moja kwa siku tatu, vizoeane. Havikugombana hata mara moja. Nikaandika Cheti cha Upatanifu, nikakipiga muhuri mbele na nyuma, na tukamwalika D.O., mkuu wa tarafa yetu, aje kuzindua Ijumaa ile ile ya Mjerumani.

Mutheu, kwa masikitiko yetu makubwa, hakungoja cheti. Tulikuja kujua baadaye kwamba alienda Machakos mjini akamwambia muuzaji, "Nipe mbili zenye zinasikizana." Muuzaji akamuuliza kama kuna mti au ukuta kati ya parokia na karakana. Alipojibu hakuna, akamuuzia visanduku viwili pacha. Kamanthe, karani wa parokia, akamfungulia mlango, wakaweka kimoja kwenye paa la parokia na kingine kwenye paa la karakana, vikitazamana. Bila kikao! Bila hata kumbukumbu za kikao! Niliumia, sifichi.

Ijumaa ikafika. Mahema yalisimama, kwaya ikaimba, na mwenyekiti akahutubu kwa dakika arobaini. D.O. akafungua kompyuta yake.

"Naona mtandao mmoja tu," akasema. "Unaitwa Mutheu wa Twiga."

"Ndio huo, mheshimiwa," mwenyekiti akajibu bila kupepesa macho.

"Neno la siri?"

Mwenyekiti akaniangalia. Nikauangalia muhuri. Tukaomba radhi, tukavuka barabara mbio mbio.

Mutheu alikuwa amepiga magoti na kamera yake mbele ya twiga wa mwisho, mrefu kupita wote.

"Mwaitu, neno la siri, haraka! D.O. anangoja!" mwenyekiti akasihi, akimwita mama kwa Kikamba.

"Na mimi nangojwa na Mjerumani, Mzee. Nishikie huyu, anaangukaanguka. Simama wima. Usisongesonge!"

Mzee Maundu akasimama na koti lake na tai yake, jasho likimtoka, amenuna vibaya, twiga mkononi. Mutheu akapiga picha, akaituma, ndipo akamnong'oneza neno la siri. Tuliporudi hemani D.O. hakulisikia vizuri, ikabidi mwenyekiti alitamke kwenye kipaza sauti: "Sikuulizakamati. Herufi ndogo, bila nafasi."

Internet ikafunguka. Watu walipiga makofi, nasi tukainama kuyapokea.

Soda zilikuwa hazijaisha Mutheu alipotokea anakimbia, kompyuta mikononi, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Wamekubali! Woi, wamekubali mia tatu yote!"

Wachongaji wakamnyanyua juu. D.O., akitaka kuipongeza kamati kwa matunda ya kazi yake, akaomba barua pepe ya Mjerumani aisome mwenyewe kwa sauti, akiifasiri.

"Twiga wako tumewapenda, tunawachukua wote. Tafadhali tuambie pia bei ya kile kinyago kikubwa cha mzee mnene aliyenuna. Kimechongwa vizuri mno, ungedhani kinapumua."

Kamati imeketi mara mbili tangu siku hiyo. Bei bado haijaafikiwa.