Boliti Namba Kumi na Mbili

Jumatano, 9 Julai 2025

Agnetha amepiga simu! Mwenyewe! Miezi minne tangu mke wangu arudi kwao Buseresere, na leo saa tatu asubuhi jina lake limetokea kwenye kioo nikadhani simu imeharibika. Amesema niende Jumapili mchana. Baba yake atakuwepo, tutazungumza, na mazungumzo yakienda vizuri tutarudi wote Segese. Kisha akasema nipande gari mpaka Geita, nibadilishe, nishuke stendi. Akarudia: panda gari, Sostenes.

Nimemwambia sawa. Sipandi gari.

Nitaenda na skuta. Nilimnunulia yeye skuta hiyo, ingawa alikuwa ameomba cherehani. Aliondoka Machi, baada ya mpango wa bata (sitaki kuandika habari za bata), akaiacha imeegemea ukuta. Sasa mkwe anione naingia uani nimeikalia, inang'aa. Mwanamume anayefika na chombo chake huulizwa habari za safari. Anayeshuka kwenye gari huulizwa amefuata nini.

Kasoro ni moja tu. Shokapu la nyuma, upande wa kushoto, limekufa. Ukikaa, skuta inalala upande. Shokapu jipya ninalo tangu Februari. Ni kufungua boliti mbili na kufunga boliti mbili. Kazi ya nusu saa.

Nimemweleza bata. Amebaki mmoja. Hakuwa na maoni.

Alhamisi, 10 Julai

Boliti ya juu imetoka bila maneno. Ya chini ni namba kumi na mbili. Spana niliyonayo ni namba kumi na tatu. Mtu asiye na akili angekwama hapo. Mimi nimekata kipande cha bati, nikakisokomeza kwenye spana, ikabana sawasawa. Nikachomeka bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu. Nikakanyaga. Ikazunguka! Nikapiga kelele ya furaha, bata akakimbia.

Kumbe kilichozunguka ni spana. Boliti iko palepale, pembe zake sita zimelika zote. Sasa ni duara kama kifungo cha koti.

Spana namba kumi na mbili Segese ipo. Anayo Kalisti, fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka getini kwangu. Hatusalimiani tangu Januari, siku niliyotia dizeli kwenye skuta, naye akacheka mbele za watu mpaka akashika ukuta. Nimwendee yeye? Kwa boliti? Bora nilale nayo.

Jirani yangu Mama Lusia kachungulia juu ya uzio, akauliza naponda nini. Nikasema natengeneza. Akasema Kalisti yupo. Nikasema najua kwamba yupo. Akarudi ndani. Hayo ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya mawazo mapya.

Asubuhi nimemkamata Mwita akielekea duarani, kwenye shimo la dhahabu. Mwita anachimba kwenye mashimo ya huku nyuma, kijana wa maana sana, ndiye pekee aliyewahi kununua bata kwangu. Nimeazima kwake moko, ile nondo fupi yenye ncha wanayopasulia mwamba. Mpango ulikuwa niitegeshe pembeni mwa boliti nigonge polepole, izunguke yenyewe. Pigo la kwanza lilikuwa la polepole. La pili nikamkumbuka Kalisti alivyoshika ukuta. Kichwa cha boliti kikaruka, kikapiga bati, kikampita bata sikioni, kama bata ana masikio. Kilichobaki ni kisiki cha chuma, kifupi kuliko kucha ya kidole gumba.

Sikukata tamaa. Chuma dawa yake moto. Nikaenda sokoni kwa Boaz, yule anayewachomea wachimbaji dhahabu yao. Nikaomba aniazime gesi yake ya kuchomea. Akauliza nina kazi gani nayo. Nikaona aibu kutaja boliti, maana Boaz na Kalisti wanakunywa kahawa benchi moja. Nikasema ni kakazi kadogo ka nyumbani, na tafadhali asimwambie mtu. Boaz akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili. Akanipa. Akanibebea na mtungi mpaka getini! Akaniita mzee Sostenes. Tangu nihamie hapa hajawahi kuniita mzee.

Nimefunga geti kwa ndani. Nimetundika turubai mbele ya skuta, Kalisti asione. Nimewasha. Moto wa bluu, unavuma kwa heshima kabisa. Mpira wa bushi ukaungua kwanza, moshi mweusi ukapanda mpaka juu ya paa. Kisiki kikawa chekundu. Kikakaa chekundu. Hakikutoka.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nimeamka nikakuta Mama Lusia getini na bakuli la michembe, imepikwa na karanga. Akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kwa sauti ya asali. Tangu Agnetha aondoke sijapikiwa kitu na mtu. Nikashukuru, wabeja, nikakaribia kulia juu ya viazi vikavu. Kabla sijamaliza kula akaja Mwita, kisha wenzake wawili wa duarani, kisha mzee mmoja wa kanisani ambaye Pasaka alikataa kupokea mkono wangu. Wakakaa kwenye benchi langu. Wakasifu uwanja wangu, kwamba una hewa. Mmoja akamsifu bata.

Nikashangaa mpaka Mwita aliponiinamia sikioni na kuniuliza imetoka gramu ngapi.

Hapo nikaelewa. Segese hii mtu haazimi gesi kwa kunong'ona, akafunga geti, akatundika turubai, akatoa moshi, halafu awe anachoma boliti. Wote wanaamini nina dhahabu!

Nilitaka kuwaambia ukweli. Naandika hapa kwamba nilitaka, na mdomo ulifunguka. Ila wakati huohuo Mama Lusia akauliza habari za Agnetha, kwa upole, na yule mzee akasogea ili nipate nafasi kwenye benchi langu mwenyewe. Nikasema Mungu ni mwema.

Wakaitikia wote.

Nimechemsha chai mara nne. Kila baada ya saa moja nimeingia nyuma ya turubai nikawasha gesi kidogo, wasikie ikivuma, nikatoka nikifuta jasho. Kisiki chenyewe nilishaacha kukihangaikia. Nimehesabu watu kumi na mmoja leo. Toka Machi benchi hilo limekaliwa na bata. Jamani, sauti za watu uani ni kitu kitamu! Hata kikohozi cha mtu mwingine ni kitamu.

Jioni Agnetha ameandika ujumbe. Kesho usichelewe, na upande gari. Nikajibu kwamba niko njiani, ingawa nilikuwa nimekaa.

Hili nitaliandika kwa kuwa hakuna anayesoma. Nikipanda gari, nitafika. Nikifika, Agnetha ataniambia anarudi au harudi. Skuta ikiwa mbovu, bado hajaniambia.

Jumapili, 13 Julai

Gari la kwanza la Geita limepiga honi saa kumi na mbili. Nililisikia vizuri. Nilikuwa nimevaa suruali ya harusi na viatu. Nikajiambia la saa mbili litatosha. Kisha watu wakaanza kuja, wengine wametoka misa ya kwanza, na ningewaachaje na chai iko jikoni?

Saa tatu Mwita akataka moko yake, alikuwa na zamu. Nikasema nitamletea. Akasema asinisumbue, anaiona. Akapita nyuma ya turubai kabla sijainuka.

Kisha akatoka ameshika moko mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika kile kichwa cha boliti. Akawaonyesha wote. Akasema ni skuta. Mzee Sostenes anachoma skuta.

Nilijiandaa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka, na hicho ndicho kimeniuma. Yule mzee alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema ana wagonjwa wa kutembelea. Mama Lusia kachukua bakuli lake. Boaz aliitwa, akaja kubeba mtungi wake, akaniita Sostenes. Muda mfupi tu uwanja ulikuwa wangu na bata.

Nikakaa kwenye benchi. Nikalia kidogo. Vumbi la Julai.

Aliyeingia baadaye ni Kalisti. Alikuwa anaburuta waya wa mashine ya kuchomelea kutoka ng'ambo ya barabara, na magari yamesimama yanampisha. Hakunisalimia. Akachuchumaa, akakitazama kisiki changu, akavuta pumzi. Akachukua nati, akaivalisha juu ya kisiki, akaichomelea kwa ndani mpaka vikawa kitu kimoja. Akasubiri wekundu upungue. Akadondosha oili. Akatia spana: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Boliti ikatoka. Chai yangu ilikuwa haijapoa!

Akabadilisha bushi niliyoiunguza, akafunga shokapu jipya na boliti mpya, ameipaka grisi. Aliianza kwa vidole, akamalizia na spana. Akasema imetosha, nisiongeze. Nikamwuliza kwa nini hacheki. Akasema Januari alicheka, na tangu Januari hajaniona kwenye kahawa.

Kisha akatazama suruali yangu ya harusi. Akauliza naenda wapi. Nikamwambia. Akasema skuta hii ni ya sokoni na kurudi, haifiki hata Geita. Gari la saa tano bado halijapita. Nikimbie, yeye atafunga geti na bata atamlisha.

Nikamwambia nitalikimbilia. Nikasema kwanza niijaribu skuta, mara moja tu, asije akawa amefanya kazi bure. Nikaizungusha uwanjani. Inakaa sawa, kama mpya. Nikaona ina vumbi. Nikaiosha. Nikaikausha. Nikaifuta vioo. Gari la saa tano likapiga honi, nikasikia. La saa saba pia.

Saa tisa simu iliita. Jina lake. Nilikuwa na grisi mikononi. Ilikuwa kidogo tu, kwenye kidole kimoja, lakini grisi ni grisi.

Jumatatu, 14 Julai

Amepiga tena, nikapokea. Hakugomba. Amesema baba yake alivaa shati lililopigwa pasi akakaa barazani toka saa sita. Walichinja jogoo. Sahani yangu ilifunikwa mpaka jioni, ndipo mama yake akawapa watoto wa jirani. Kisha nikamsikia anavyopumua. Miezi minne nilikuwa nimesahau anavyopumua.

Akasema Jumapili ijayo. Ya mwisho. Nipande gari.

Nimeahidi kwa moyo wangu wote, na nilimaanisha kila neno. Akauliza kama bata bado yupo. Nikasema yupo, anakula. Akacheka kidogo. Nampenda sana mwanamke huyu.

Nikatoka uani. Benchi tupu. Mama Lusia anafua na hageuki huku. Kalisti alinipungia mkono kutoka ng'ambo, akanionyesha kikombe cha kahawa. Nikamwonyesha kwa ishara kwamba nina kazi, kisha nikatafuta kazi yenyewe.

Skuta imesimama wima, tangi limejaa, kioo kinang'aa. Siku sita nzima, na hakuna kilichobaki isipokuwa kwenda. Nikaikalia. Nikatega sikio. Nadhani kuna kamlio upande wa kulia. Kadogo sana. Ukinyamaza kabisa unaweza kukasikia.

Na kweli, Kalisti aligusa kushoto tu. Shokapu la kulia ni la umri uleule. Huwezi kwenda kwa wakwe upande mmoja mpya na mwingine mzee. Nimeinama nikatazama. Boliti ya chini, namba kumi na mbili. Spana namba kumi na tatu ninayo, na kipande cha bati bado kipo.

Nimefunga geti, nimetundika turubai. Ni kazi ya nusu saa.