Mapatano ya Kilo Zangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Anita, yule muuguzi wa kliniki, ameniambia niandike kila kitu kinachoingia kinywani mwangu. Nitaandika ninachotaka. Daftari ni langu.

Shida si kinywa. Shida ni goti. Mjukuu wangu Mwende amejifungua msichana, mtoto wake wa kwanza, kitukuu changu cha kwanza, na anakaa King'ong'o ghorofa ya nne. Lifti hakuna. Aliyejenga hiyo nyumba hana nyanya? Wiki iliyopita nilijaribu kupanda nikakwama ya pili. Wanaume wawili walinishusha juu ya kiti cha plastiki kama kabati. Majirani walifungua milango kutazama. Mmoja alikuwa anakula.

Kumshusha mtoto, Mwende amekataa. Amepasuliwa, hawezi ngazi, na hii baridi ya Nyeri si ya mtoto mchanga. Ni kweli. Hayo yote alifunzwa na mimi. Ni makosa yangu kumfunza vizuri.

Basi Anita akanipandisha kwenye mizani. Tisini na nne. Nikamwambia mizani imekaa vibaya. Akaisogeza. Tisini na nne. Nikavua viatu, leso na koti la mume wangu. Tisini na mbili! Nikamwambia, unaona, tumeanza vizuri. Akasema nivae.

Ndipo akaniuliza neno la ajabu. Ati, Cucu, wewe mwenyewe unataka kufika kilo ngapi? Nichague! Hapa Nyeri kila mtu ananiita cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, hata kama mimi ni Mkamba wa Kitui, nimezoea. Lakini kuulizwa uzito kama mtu anayenunua nyama, hapana, hiyo sijazoea.

Lakini kama ni kuchagua, kuna kupatana. Mimi nimeuza ndengu soko la Karatina mpaka nywele zikawa nyeupe. Nikafungua na kilo moja. Anita akasema tupunguze tano kwanza, polepole, goti lipumzike, halafu tuone. Nikasema moja na nusu. Akasema tano. Nikasema mbili, na hiyo ni kwa sababu wewe ni mtoto mzuri. Akasema tano. Nikachukua mfuko wangu nikaenda mpaka mlangoni, polepole, ili aniite.

Hakuniita. Aliita mgonjwa mwingine.

Hawa watoto wa chuo hawajui biashara.

Jumatano, 5 Machi 2025

Dishon amecheka. Huyu ni mume wangu, askari mstaafu, mwembamba kama ufito wa maharagwe. Zamani kambini walisema akisimama kando ya mlingoti wa bendera, vijana hawajui wapige saluti wapi. Anakula kama shomoro na bado ananipa ushauri. Ati nikubali tano. Nimemwambia mtu asiyejua kunenepa hajui kukonda.

Nimepata njia yangu. Jirani yetu Mwanabibi anafunga, ni Ramadhani. Nikamwambia nitafunga naye. Alifurahi, akanishika mikono yote miwili. Nilishika saumu mpaka saa saba bila hata maji. Saa saba nikaonja muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kidogo kuona kama umeiva. Ulikuwa umeiva. Nikaonja tena kuhakikisha.

Jioni nikaenda kufuturu. Ee Mungu! Tende. Uji wa pilipili manga. Viazi vya karai. Sambusa. Kaimati zinazoteleza zenyewe kooni. Nilisema bismillahi kwa sauti kubwa kuliko wenye nyumba. Wao walikula kidogo wakaenda kuswali. Mimi nililinda meza.

Mwanabibi aliporudi akatazama sahani, akanitazama. Akaniambia kwa upole, dada yangu, saumu si ya kupunguza kilo. Na kama ni ya kupunguza, wewe unaifunga kwa upande usiofaa.

Nimemsamehe. Amepika vizuri.

Jumapili, 9 Machi 2025

Leo Tryphosa amenikasirisha mbele ya madhabahu.

Tryphosa ni nyanya ya Samuel, na Samuel ni mume wa Mwende. Kwa hivyo tumegawana kitukuu mmoja, mimi na huyu mama wa Vihiga. Binti yake ni mwalimu hapa, alimleta mjini miaka mitatu iliyopita, na tangu aje, hakuna wimbo kanisani ambao hauanzi na yeye.

Baada ya ibada tukakaa akina mama wote. Akasema amemuona mtoto. Ati mtoto amemtazama akacheka. Mtoto wa wiki mbili! Huyo hakucheka, huyo alikuwa na gesi. Nikasema hivyo. Akina mama wakainama wakajifanya wanatafuta Biblia zao.

Akaendelea. Ati mtoto atafundishwa Kiluhya, atamwita kukhu, yaani nyanya. Mimi nikasema ataniita susu, nyanya kwa Kikamba. Akaniuliza, kwa macho makubwa, atakuitaje kama hakujui sura? Nasikia ngazi zilikushinda, mama.

Nikafunga leso yangu upya, kwa nguvu.

Halafu akasimama akasema yeye pia ameenda kliniki, na amechagua kufika kilo sabini. Wakapiga makofi. Makofi, kwa kilo ambazo bado anazo!

Nikasimama. Goti likalia kak! Nikasema mimi nitafika sitini na tano.

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yake. Mchungaji aliomba.

Kurudi nyumbani Dishon akaniuliza mara ya mwisho nilikuwa sitini na tano lini. Nikakumbuka. Siku ya harusi yetu. Na hata siku hiyo shangazi zangu walikuwa wananilia, wakidhani nina kifua kikuu.

Jumanne, 11 Machi 2025

Kabeji. Jana kabeji. Mwili lazima umeshuka, lakini mizani ya Anita ina upande wake, siiamini. Nimeenda Othaya, kwenye kituo cha kupokea majani chai. Mizani ya pale haidanganyi. Wakulima wanaitazama kwa macho kumi, karani akikohoa tu wanauliza kwa nini.

Karani ni kijana anaitwa Muriithi. Nikamwambia anipime. Akasema hapa tunapima chai. Nikamwambia nimekunywa vikombe vitatu asubuhi, nihesabu kama chai. Watu kwenye foleni wakasema, mpime cucu, tuende nyumbani.

Mizani yenyewe ni ya kutundika kwa ndoano. Wakaleta gunia, nikakaa ndani, wanaume wanne wakaniinua. Nikaning'inia pale nikizunguka kidogo kidogo. Niliona Othaya yote, mara mbili.

Tisini na tano. Muriithi akatoa moja ya gunia, kama kawaida yao. Tisini na nne. Nikamwambia, na maji? Mvua ikinyesha si mnakata kilo za maji? Jana ilinyesha. Nikatie na mimi. Foleni yote ikanguruma. Mwanamke mmoja akasema cucu amesema ukweli, sisi mnatukata kila siku.

Muriithi akajikuna shingo. Ati, Cucu, hata nikikata, kiwanda hakitakupokea. Wao wanataka majani mawili na chipukizi. Wewe ni jani gumu, watakurudisha na gari.

Walicheka mpaka mmoja akamwaga majani yake. Nami nikacheka, ningefanya nini, nilikuwa bado ndani ya gunia.

Nimejikatia tatu za maji mimi mwenyewe. Tisini na moja. Naandika hapa: tisini na moja.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Kabeji. Dishon ameingia jikoni akauliza nani amekufa, maana kabeji nyingi hivi ni za matanga.

Mwende amepiga simu. Jumamosi akina mama wa pande zote mbili wanakwenda kumwona mtoto. Akasema nisijali, atanionyesha kwa simu. Sauti yake ilikuwa laini, ile ya kumwambia mtu mzee asijali. Nikamwambia nitakuja na miguu yangu. Halafu akasema, Susu, nilikuwekea kiti karibu na dirisha tangu wiki ya kwanza.

Nimekata simu mwenyewe. Machozi yametoka, nimemwambia Dishon ni vitunguu.

Hatukuwa tunakata vitunguu.

Jumamosi, 15 Machi 2025

Naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Nilifika King'ong'o mapema, kabla ya akina mama wengine, ili nikikwama nikwame bila watu. Dishon alitaka kunishika, nikamwacha chini na miavuli. Mkononi sufuria ya muthokoi, imefungwa kwa leso. Ghorofa ya kwanza, sawa. Nikageuka kwenye kona, nikakuta mtu ameketi kwenye ngazi. Tryphosa! Na kikapu, na ndani ya kikapu kuku wa kienyeji ametoa kichwa nje.

Nikamuuliza kama anashuka au anapanda. Kuku ndiye aliyejibu.

Nikaketi pia, si kwa ajili yake, kwa ajili ya goti. Akasema, akitazama ukuta, kwamba hajawahi kupita hapa. Siku zote anaishia hii ngazi. Mtoto alimchekea kwenye simu. Na picha ilikuwa inakatika, kwa hivyo hata kicheko chenyewe hana hakika.

Wiki nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia nikimshinda. Nikasema tu, ulidanganya mbele ya madhabahu. Akasema, na wewe sitini na tano? Nikasema haya, simama.

Tukapanda. Akaniambia Wakamba wanajua kuruka kwenye ngoma tu, ngazi hawaziwezi. Nikamwambia Mluhya angekuwa ameshafika kama wangeweka ugali huko juu. Akasema ugali uko, anasikia harufu yake. Ya pili! Tukapumzika. Akasema mimi nakoroma hata nikiwa macho. Nikamwambia kuku wake amechoka na bado hatembei. Tukacheka, na kucheka kunakula pumzi, tukakaa tena.

Ya tatu goti likakataa. Lilikataa kabisa, kama punda wa Mwea katikati ya barabara. Nilishika ukuta. Niliona kile kiti cha plastiki kinakuja tena. Tryphosa alikuwa ngazi mbili mbele yangu. Angeweza kuendelea, afike wa kwanza, amshike mtoto kwanza, aimbe. Alirudi. Akachukua sufuria yangu, akanipa kuku, ati mzigo mwepesi kwa mzee. Mzee! Ana mwaka mmoja chini yangu! Akaweka bega lake chini ya kwapa langu, bega kubwa kama mto wa kitanda, na asante Mungu hajafika hizo sabini zake, bega la sabini lisingenitosha.

Mwende alifungua mlango akapiga kelele. Halafu akalia. Halafu akachukua kuku.

Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Wakaniwekea mtoto mikononi. Ana nyusi za Dishon, maskini, lakini zitaota vizuri. Ana joto kama mkate. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Alishika kidole changu akalala. Tryphosa alikaa sakafuni kando yangu, akashika mguu mmoja wa mtoto, na hatukugombana kwa muda mrefu sana, karibu mpaka chai ikaja.

Akina mama wengine walipofika, Mwende akasema kliniki imempima mtoto, ameongeza gramu mia tatu. Chumba kizima kikapiga makofi! Mimi nikiongeza gramu mia tatu naitiwa daktari. Nikamnong'oneza: kula, mama, kula sasa wakati bado wanakushangilia.

Kushuka? Tulishuka kwa makalio, ngazi moja moja, mimi na Tryphosa. Dishon alikuwa bado na miavuli. Alitufungulia tu, mmoja mmoja. Hekima yake inaongezeka.

Jumatatu, 17 Machi 2025

Nimerudi kwa Anita na kichwa juu. Nikamwambia nimepanda nne. Alifurahi kweli, akanikumbatia. Akanipima. Tisini na nne. Akasema si kitu, Cucu, miguu imepata nguvu, ukipanda zile ngazi kila wiki kilo zitashuka zenyewe. Ila sasa tuchague uzito wa kweli, ule unaoweza kuishi nao. Sio wa harusi, sio wa kanisani.

Nikamwambia nimeshachagua. Nimefikiria tangu Jumamosi. Mimi ni tisini na nne. Dishon nimempima asubuhi, hamsini na mbili. Sisi ni nyumba moja. Kitanda kimoja, sufuria moja, Mungu mwenyewe alisema mwili mmoja. Jumla mia moja arobaini na sita. Ukigawanya, kila mtu sabini na tatu! Uzito mzuri kabisa. Hakuna aliyezidi. Tatizo halikuwa mimi hata siku moja. Tatizo ni kwamba nimebeba kilo zangu na zake. Yeye ndiye wa kuwekewa lengo.

Anita alifunika uso kwa mikono. Nadhani alikuwa anapiga hesabu.

Jioni hii tumeanza. Nimempikia Dishon chapati sita za tui la nazi na mchuzi wa mbuzi. Nimekaa naye mezani kumtia moyo. Amekula moja na nusu akasema ameshiba. Zilizobaki nimezila mimi, asione aibu ya kurudisha chakula.