Wito wa Elfu Hamsini

Jumatatu, 6 Julai

Niwie radhi, shajara, nimekutupa tangu Pasaka. Binti yangu Maisie alipata tetekuwanga, kisha nikapata mimi. Halafu habari kubwa: nimekubaliwa chuo, shahada ya pili, tiba ya usemi! Nitawasaidia watoto wenye kigugumizi. Wa kwanza Maisie wangu. Ana miaka minne, na neno "mama" linamkwama kooni mpaka machozi yanamlengalenga.

Karo ni dola elfu thelathini na nane kwa mwaka. Mimi sina hata ya maegesho. Ila nimesoma kwamba serikali inakopesha hadi elfu hamsini kwa mwaka kwa shahada za kitaalamu. Kwani mimi si mtaalamu? Naenda kulala usingizi wa pono!

Jumanne, 7 Julai

Wifi yangu Courtney, dada wa mume wangu Dale, alikuja kula. Mwezi ujao anaanza kusomea sheria. Nikapakua tambi na samaki wa kopo, nikatangaza elfu hamsini zangu. Alicheka mpaka njegere ikamtoka puani. Akasema pole wifi, hizo ni zetu wanasheria, na madaktari, wa watu na wa mifugo, na wachungaji wa kanisa. Tiba ya usemi haimo. Wewe kikomo chako elfu ishirini na mia tano, basi.

Nikamuuliza, yaani anayempa ng'ombe dawa ya minyoo ni mtaalamu, anayempa mtoto sauti siye? Akasema sheria hakuitunga yeye. Akaongeza tambi.

Nikaosha sahani zilizokuwa safi. Nisipoonyesha karo inatoka wapi kufikia Jumatatu, nafasi yangu anapewa mwingine.

Jumatano, 8 Julai

Udaktari wa mifugo? Dale kanikumbusha kwamba hata bata namkimbia.

Basi uchungaji! Najiandikisha vyuo viwili. Mkopo mnono uje kwa jina la uchungaji, mimi nikae darasa la usemi. Nani atajua?

Alhamisi, 9 Julai

Chuo cha wachungaji kimepiga simu. Mzee mpole, Mchungaji Halvorsen. Akataka kujua wito wangu ulikujaje. Simu ikawa inateleza kwa jasho. Nikasema ulikuja mkubwa sana, elfu hamsini kwa mwaka.

Akaniomba nirudie.

Nikajirekebisha: roho! Roho elfu hamsini! Akauliza kama huwa nasali. Nikajibu, tangu Jumanne, bila kupumzika. Hilo angalau ni kweli. Akasema ataniombea. Kunikubali hakukutaja.

Ijumaa, 10 Julai

Gari likipunguza mwendo tu, mimi niko nyuma ya pazia. Dale anasema mama Maisie, hakuna polisi wa mikopo, na yule ni mtu wa posta.

Kisha simu. Bi Lindqvist, ofisi ya mikopo, chuo cha usemi. Hajatia neno, nikaungama yote: uchungaji, roho, bata. Kumbe alitaka tu kujua jina langu linaandikwaje.

Akavuta pumzi. Akasema dada, kikomo ni cha mtu, si cha chuo. Jiandikishe hata vyuo kumi, kitakufuata. Akanipa njia halali: nianze na nusu ya masomo. Mkopo utapungua, lakini na karo pia, na nafasi yangu itabaki. Nimjibu Jumatatu.

Nusu? Nitamaliza lini? Maisie akanivuta sketi: m-m-m-m. Dale akataka kummalizia, nikamkatalia. Amalize mwenyewe. Tukangoja wote watatu. Neno halikutoka. Nikambeba, nikamwambia taratibu, mwanangu, mama hana haraka. Uongo mtupu.

Jumapili, 12 Julai

Kikomo ni cha mtu! Maneno ya Bi Lindqvist mwenyewe! Basi watu wawili, vikomo viwili!

Mama yangu yuko Fargo, kastaafu, ana shahada na hana la kufanya. Ajiandikishe tiba ya usemi, akope, pesa zake anipe mimi, akae nyuma afume sweta. Nimempigia baba; fomu ya mama nitaijaza mimi. Akasema mwanangu, unanitisha. Nikamwambia hata mimi naogopa, baba, wewe tuma tu.

Bado anitumie, kabla Bi Lindqvist hajafungua ofisi kesho:
cheti cha shahada ya mama, pande zote mbili;
namba yake ya hifadhi ya jamii, bila kumwambia mama ni ya nini;
sahihi yake, safi, si ile ya kwenye kadi za Krismasi;
na picha yake moja, akiwa na uso wa mtu anayetaka shule.