Faharasa ya Shikamoo

Waheshimiwa viongozi wa ngazi zote, mashekhe, wachungaji, wawekezaji wa Galu, akina mama mlioketi juani, na mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu Musyoki, mwenye stashahada tatu na nusu: salamu aleikum na Bwana asifiwe! (Makofi ya wasaidizi wake.)

Leo nazindua Sistimu Jumuishi ya Wagonjwa wa Msambweni. Ndani ya jedwali letu kila mgonjwa ana kifurushi cha jeisoni, yaani mfuko ambao kila mtu hupanga vyake atakavyo. Ikabidi tuamue: asiposema mtu lolote, sistimu iingize nini kwenye faharasa ili mgonjwa apatikane upesi? Ikiingiza kila kitu, inaelemewa kuandika. Isipoingiza kitu, inapekua mifuko yote. Baada ya wokshopu saba kule Galu, kamati, chini ya uongozi wangu, ikapitisha difolti ya kihistoria, yaani kanuni ya asiyechagua: neno la kwanza tu la kila mfuko! (Mtu anakohoa.)

Nanyi watu wa pwani, kwa adabu zenu, mlipotuma taarifa za wagonjwa wenu kwa simu mlianza na salamu. Matokeo? Kati ya wagonjwa 11,400, wagonjwa 11,342 wanapatikana kwa jina moja: Shikamoo. Asilimia tisini na tisa nukta tano ya ufanisi! (Kicheko.)

(Sauti: “Bwana mkubwa, mimi Twaiba wa Funzi. Mwanangu Chiku ana kifafa, tembe zake zimekwisha jana. Kwenye dirisha la dawa wanasema hapewi mpaka aonekane kwenye faharasa. Yuko wapi?”)

Bi Twaiba, yuko chini ya S. Vuta subira.

(“Subira haizuii kifafa, baba!”)

Mbona wenzake elfu kumi na moja hawajalalamika?

(“Umewauliza, au nao hujawapata?” Kicheko kirefu.)

Nihitimishe. Faharasa kwanza! (“Dawa kwanza!”) Difolti juu! (Makofi ya wasaidizi wake peke yao.)

Shukrani za pekee nazitoa kwa karani wetu Kavumbi, ambaye kwa miaka miwili ameiendesha sistimu hii usiku na mchana, kwa kalamu ya wino wa buluu, huku tukisubiri kompyuta, ambayo inshallah tutaanza kuiomba mwakani... (Twaiba anapanda jukwaani, anatwaa daftari kwapani mwa Kavumbi, anashika njia ya dirisha la dawa, nusu ya mkutano inamfuata.) Bi Twaiba! Kavumbi, mzuie! Mama, tafadhali, rudisha, hiyo ndiyo sava yenyewe!