Kinyesi cha Mbuzi wa Gidamis

Jumatatu, 10 Machi 2025
Mvua, siku ya tisa. Afisa mifugo, Mama Genoveva, amepita hapa Mogitu kugawa vifuko vya kinyesi cha mbuzi. Atapima minyoo. Zizi lenye minyoo michache litalea beberu mpya wa kikundi chetu cha wafugaji. Lazima niwe mimi! Jirani yangu Gidamis anatembea kama vile beberu ni wake tayari. Mbuzi wake hawatoki mpaka umande ukauke, eti minyoo hukaa kwenye majani mabichi. Wangu hutoka alfajiri. Wanaharisha kidogo. Majani mapya tu.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda kumwamkia Gidamis. Shikamoo mbili. Alipoingia ndani kufuata chai, nikajaza kifuko zizini kwake. Kinyesi kigumu, kizuri. Nimeandika jina langu. Chai nayo ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 21 Machi
Nimeshinda! Tumelingana na Gidamis, ila zizi langu liko karibu na barabara. Beberu amefika. Kisha wenye minyoo mingi wakagawiwa dawa. Nikanyoosha mkono. Mama Genoveva akasema, "Mzee Joakimu, wako hawana haja. Hongera sana." Watu wakapiga makofi. Nikaushusha mkono polepole.

Jumatano, 26 Machi
Mwanambuzi amekufa. Yule ambaye mke wangu Fabiola alikuwa akimlea kwa chupa. Fabiola hakulia. Alikwenda zizini, akafunua kope za mbuzi mmoja mmoja. Nyeupe kama karatasi, minyoo imenyonya damu. Akauliza kile kinyesi nilikitoa wapi. Nikamwambia.

Alhamisi, 27 Machi
Nimekiri kwa Gidamis. Nilikuwa naangalia viatu vyake. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Joakimu, ungeomba dawa ningekupa. Kinyesi unaiba cha nini?" Akaja na bomba lake la kunyweshea dawa, tukawanywesha wote kumi na mmoja. Beberu amehamia kwake. Fabiola alimchinjia Gidamis kuku. Mimi nilipewa shingo.

Ijumaa, 12 Septemba
Kiangazi. Majibu mapya yametoka, na safari hii kinyesi ni cha mbuzi wangu kweli. Minyoo karibu hakuna! Mama Genoveva anasema kiangazi ni hivyo kwa kila mtu, jua huua watoto wa minyoo malishoni, mvua zikianza watajaa tena. Tujiandikishe dawa ya Novemba. Wivu tu. Huu ni uangalizi wangu. Jina langu nimelikata kwenye orodha. Jioni nimempitia Gidamis, nikamshauri naye alikate lake.