Mkurugenzi Aliyebadilisha Kila Kitu

Kwa furaha isiyo kifani, na baada ya vikao kumi na saba, Idara ya Miongozo ya Umma mjini Tunis ilitangaza kwamba ghala lake la matoleo limefunga ndoa rasmi na wiki ya idara, yaani zile kurasa za mtandaoni ambamo makarani huandika miongozo. Utepe ulikatwa mbele ya kompyuta. Makrudhi, vile vikeki vya tende, vililiwa vikaisha.

Mfungishaji ndoa alikuwa Olfa, mhandisi wa mkataba, mwaka wa nne sasa akiahidiwa ajira ya kudumu. Kazi yake ilikuwa safi. Karani akigusa neno lolote kwenye wiki, ghala lilihifadhi ukurasa wa zamani na mpya, saa, sababu na jina la aliyebadilisha.

Mkurugenzi, Si Ridha, yaani Bwana Ridha kwa Kitunisia, aliona dosari moja. Tangu idara izaliwe barua haitoki bila saini ya mkurugenzi. Iweje majina ya makarani yatapakae ghalani? Akaagiza kila badiliko, la yeyote yule, liandikwe kwa jina lake. Olfa akamkumbusha kwa adabu kwamba jina likiingia humo halitoki. Si Ridha akasema ndivyo anavyotaka. Ndani ya mwezi mmoja akawa mchapakazi kuliko wote: mabadiliko elfu nne, mengine akiwa kwa kinyozi. Alijitunuku cheti.

Kisha akazindua Sera ya Uwiano wa Fomu: mwanamke yeyote aliyewahi kuolewa aje na mumewe kutia saini. Olfa akauliza kuhusu ukurasa wa pensheni za wajane.

"Wote, binti yangu," akasema Si Ridha. "Uwiano haubagui."

Jumatatu korido ilijaa wajane. Mmoja aliuliza dirishani kama amfukue marehemu au idara itampelekea fomu huko aliko. Kwa bahati mbaya ya idara, huyo alikuwa shangazi yake waziri.

Alasiri akaingia Mkaguzi Jalila na kamati yake. Si Ridha hakupepesa macho. Alimnyooshea kidole Olfa, akasema mashine ni zake na makosa ni yake. Olfa aliogopa, tusidanganyane. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Alifungua ghala, akasogea pembeni.

Mkaguzi akasoma: Ridha Ben Slouma. Akateremka chini. Ridha Ben Slouma. Akaendelea kuteremka mpaka kidole kikachoka.

"Si mimi huyo," akasema Si Ridha. "Watu huandika kwa jina langu. Kwa ruhusa yangu."

"Basi ama upuuzi huu umeuandika mwenyewe, ama umewagawia makarani saini ya serikali," akasema Mkaguzi. "Chagua, Si Ridha. Sisi tutaandika utakalosema."

Si Ridha aliomba dakika tano za kutafakari. Kamati ikaenda kunywa kahawa.

"Futa ule ukurasa," Si Ridha akamnong'oneza Olfa. "Upesi, binti yangu."

"Kufuta nako ni badiliko, Si Ridha."

"Ni amri."

Olfa akatii. "Ghala linauliza sababu."

"Sababu mkaguzi asione! We vipi?"

Olfa akaandika alivyoambiwa, neno kwa neno. Kamati iliporudi, mstari mpya ulikuwa umekaa juu kabisa, na Mkaguzi Jalila akausoma kwa sauti ya ofisini: "Ridha Ben Slouma. Saa tisa na dakika kumi. Amefuta ukurasa wa wajane. Sababu: mkaguzi asione."